Somo la 7: Macho ya Watu na Macho ya Mungu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Samweli 18:5–11, Mathayo 3:16–4:7, Marko 1:32–38, Mathayo 6:1–4, 22, 23, Zaburi 127:2, 1 Wafalme 19:1–18, 2 Yohana 12, Waebrania 10:24, 25.

Fungu la Kukariri: 1 Samweli 16:7. Ndilo neno ambalo Samweli aliambiwa nyumbani kwa Yese, alipovutiwa na kimo cha Eliabu. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili hadi ulishike kwa moyo.

Simu ya mkononi imetuletea baraka nyingi. Bibi aliyeko Mwanza humwona mjukuu wake aliyezaliwa Muscat. Mgonjwa asiyeweza kufika kanisani husikiliza hubiri akiwa kitandani. Washiriki huchanga gharama za hospitali kwa siku moja, kazi ambayo zamani ingechukua mwezi mzima. Hatutaanza somo hili kwa kuilaani simu.

Lakini kuna upande mwingine. Mwezi Mei 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Marekani, alitoa tahadhari kwa taifa lake kuhusu mitandao ya kijamii na afya ya akili ya vijana. Alieleza kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku katika mitandao hiyo wako katika hatari maradufu ya kupata matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Mwaka 2024 ofisi ya Shirika la Afya Duniani inayohudumia Ulaya ilitoa taarifa yake juu ya vijana wa nchi na maeneo 44. Wale ambao matumizi yao ya mitandao yamekuwa kama uraibu waliongezeka kutoka asilimia 7 mwaka 2018 hadi asilimia 11 mwaka 2022.

Wataalamu wanakiri kwamba si kila huzuni imeanzia kwenye simu. Mara nyingine mtu mwenye huzuni ndiye anayeikimbilia simu ili asahau, kisha anaiweka chini akiwa mzito kuliko alivyokuwa. Kwa vyovyote vile, wapo miongoni mwetu wanaoumia, na baadhi yao huketi katika darasa letu kila Sabato. Juma hili tutauliza: Ni macho ya nani tunayoyaruhusu yaamue thamani yetu? Na kanisa linaweza kumfanyia nini yule ambaye macho ya watu yamemchosha?

JUMAPILI: Wimbo Uliomwumiza Sauli

Soma 1 Samweli 18:5–11. Sauli alikuwa amepoteza nini siku ile wanawake walipoimba? Ni nini kilichobadilika moyoni mwake?

Tukitazama kwa makini, Sauli hakuwa amepoteza kitu chochote. Jioni ile alikuwa mfalme kama alivyokuwa asubuhi. Jeshi lilikuwa lake, jumba lilikuwa lake, na Wafilisti walikuwa wameshindwa. Hata wimbo wenyewe ulimsifu. Kilichomwumiza ni hesabu. Yeye alipewa maelfu, na kijana mchungaji wa kondoo akapewa makumi elfu. Kuanzia siku hiyo, asema mwandishi, Sauli akamwonea Daudi wivu. Kesho yake mkuki ulikuwa umerushwa.

Mwaka 2009 mtandao wa Facebook uliweka kitufe cha kupenda, na mitandao mingine nayo ikawa na vitufe vyake. Tangu hapo kila mtu anaweza kuimbiwa wimbo ule wa wanawake wa Israeli, tena kila siku. Picha yako imependwa na watu 12, ya mwenzako na watu 340. Hujaibiwa chochote, wala hakuna aliyekutukana. Hata hivyo, kitu kinachoma ndani. Nyaraka za kampuni ya Facebook yenyewe, zilizofichuliwa mwaka 2021, zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana walisema kuwa pale walipokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi.

Ubaya wa hesabu hii ni kwamba haina haki. Tunalinganisha maisha yetu yote, pamoja na madeni, ugomvi na magonjwa yake, na siku moja nzuri ya mtu mwingine. Tunaiona picha ya harusi, lakini hatuoni mkopo ulioilipia. Tunaona gari jipya, lakini hatuoni usiku ambao mwenye gari hakulala.

Tuwe waangalifu na jambo moja. Fungu la 10 linataja roho mbaya iliyomjia Sauli. Wengine wamelitumia fungu hili kuwaambia watu wote wenye sonona kwamba wana pepo. Hivyo sivyo tunavyopaswa kulisoma. Biblia inaeleza habari za mfalme mmoja aliyekwisha kuikataa sauti ya Mungu (1 Samweli 15:23). Haitoi jina la ugonjwa wa kila mtu anayelia usiku. Jumatano tutamwona nabii mwaminifu aliyetamani kufa, na jinsi Mungu alivyomtendea.

Ni mtu gani ambaye habari zake zikikufikia kwenye simu unajisikia mdogo? Je, umewahi kumwombea mtu huyo mema kwa jina lake? Jaribu kufanya hivyo leo.

JUMATATU: Sauti Iliyotangulia Kazi

Soma Mathayo 3:16–4:7. Baba alitamka kibali chake kwa Mwana wakati gani? Shetani alijaribu kufanya nini mara tu baada ya hapo?

Wakati sauti ile inasikika juu ya Yordani, Yesu alikuwa bado hajahubiri mahubiri yake ya mlimani. Hakuwa amemponya mwenye ukoma hata mmoja, wala hakuwa amewaita wanafunzi. Alikuwa fundi seremala kutoka Nazareti. Hata hivyo, Baba alitangaza kwamba amependezwa naye. Upendo ulitangulia, kazi ikafuata.

Jaribu la jangwani lililenga hapo hapo. Mara mbili mjaribu alianza kwa kuitilia shaka nafasi yake kama Mwana wa Mungu, akimtaka aithibitishe. Katika jaribu la pili alimpeleka juu ya kinara cha hekalu, mahali ambapo tendo la ajabu lisingekosa watazamaji. Yesu alikataa. Aliyekwisha kupokea neno la Baba hahitaji kuruka kutoka juu ya hekalu ili watu wampigie makofi.

Linganisha na Marko 1:32–38. Mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni jana yake. Alfajiri Petro na wenzake walimtafuta, nao walikuwa na habari njema kwa kipimo cha dunia: watu wote wanamtaka. Yesu alikuwa wapi? Mahali pasipo watu, akiomba. Naye hakurudi kuwaridhisha waliokuwa wakimngoja. Alikwenda vijiji vingine, kwa sababu kazi yake ilipangwa katika maombi na si kwa wingi wa waliomtafuta.

Sasa soma Mathayo 6:1–4. Yesu anasema juu ya watu wanaotoa sadaka ili waonwe, kwamba thawabu yao wamekwisha kuipata. Katika siku zetu kikundi kinaweza kutembelea kituo cha yatima kwa saa moja, na nusu ya saa hiyo ikaisha kwa kupanga picha. Watoto wanaambiwa washike unga na sabuni, watabasamu. Picha zinasambazwa, pongezi zinakuja. Si kila picha ni dhambi, kwa maana taarifa ya kazi ya kanisa ina mahali pake. Lakini moyo ukizoea kulipwa papo hapo, utaanza kuiona kazi isiyopigwa picha kuwa kazi bure. Mama anayemwogesha mkwewe mgonjwa kila siku hapigwi picha. Baba anaona.

Kama leo usingepata pongezi yoyote kutoka kwa mtu yeyote, ungejuaje kwamba unapendwa? Andika mafungu mawili ya Biblia ambayo ungeyashika.

JUMANNE: Ukurasa Usio na Mwisho

Soma Mathayo 6:22, 23 na Zaburi 127:2. Kuna uhusiano gani kati ya yale tunayoyatazama, usingizi wetu na hali ya mioyo yetu?

Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Kitabu nacho kina mwisho, na hata taarifa ya habari ya redio huisha saa yake ikifika. Mwaka 2006 mtaalamu wa kompyuta aitwaye Aza Raskin alibuni njia ya kuufanya ukurasa wa intaneti uendelee kujifungua wenyewe kadiri kidole kinavyousukuma. Baadaye alieleza hadharani jinsi anavyojutia matokeo ya ubunifu ule, kwa sababu mtu hapewi nafasi ya kujiuliza kama imetosha. Ndiyo maana tunafungua simu kwa ajili ya ujumbe mmoja, na tukija kushtuka ni saa saba usiku.

Linganisha na Mwanzo 1. Mungu mwenyewe, ambaye hachoki, aliipa kila siku ya uumbaji jioni na asubuhi yake. Alipomaliza kazi alipumzika. Mwisho wa siku na mwisho wa juma ni zawadi zake kwa viumbe wenye mipaka. Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Usingizi ukipungua usiku baada ya usiku, hasira huja upesi, masomo hayaingii, na mawazo mazito hupata nguvu. Mara nyingi tunaiombea roho iliyochoka wakati mwili wake haujalala.

Yesu aliliita jicho taa ya mwili. Ushahidi mzito wa maneno hayo umetoka karibu nasi. Jijini Nairobi walikuwepo vijana walioajiriwa kukagua picha na video zinazopelekwa Facebook, ili zile za mauaji na unyanyasaji ziondolewe. Mwezi Desemba 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamepimwa na kukutwa na athari za kiwewe, yaani ugonjwa wa akili unaowapata pia walionusurika vitani. Hao waliyatazama mabaya kwa saa nyingi kila siku kwa sababu ilikuwa kazi yao, na mzigo wao haulingani na wetu. Hata hivyo, wanatufundisha kwamba kinachopita machoni hakiishii machoni. Tunaposambaza video ya ajali katika kundi la kanisa, tunayo sababu ya kujiuliza nani ataifungua, na atalala vipi.

Habari njema ni kwamba madhara haya yanaweza kupungua. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanafunzi 143. Baadhi yao walitakiwa kutumia Facebook, Instagram na Snapchat kwa dakika 10 tu kila mtandao kwa siku. Baada ya majuma 3, upweke na dalili za sonona zilikuwa zimepungua kwao kuliko kwa wale walioendelea kama kawaida. Hawakuacha kabisa. Waliweka mwisho.

Ni kitu gani cha mwisho kuonwa na macho yako kabla ya kulala, na cha kwanza unapoamka?

JUMATANO: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Orodhesha mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya, kwa mpangilio wake.

Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli. Ujumbe mmoja tu kutoka kwa Yezebeli ulimvunja. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Hakuwa mzushi wala mwasi. Alikuwa mtumishi wa Mungu aliyechoka.

Tazama jinsi Bwana alivyomhudumia. Hakuanza na karipio. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Baadaye, huko Horebu, Mungu alimwuliza swali na kumsikiliza. Eliya alirudia malalamiko yale yale mara mbili, na mara zote mbili alisikilizwa. Mwishoni alipewa kazi, akapewa Elisha awe mwenzake, na akaambiwa kwamba hayuko peke yake, kwa maana wako watu 7,000 katika Israeli wasiomsujudia Baali. Usingizi, chakula, kuguswa, kusikilizwa, kazi, mwenzi, tumaini. Hakuna hata kimoja ambacho kanisa la mahali haliwezi kushiriki kukitoa.

Sonona ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Mtu anapokuwa na huzuni nzito au kupoteza hamu ya mambo yote kwa majuma mawili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikabadilika, akajiona hana thamani au akawaza kufa, anahitaji msaada wa kitabibu pamoja na maombi. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi ni hospitali, lakini katika mazungumzo yetu tumeyageuza majina hayo kuwa matusi. Kila mara tunapotania kwamba fulani apelekwe Mirembe, yupo mmoja katika umati anayeamua kutosema kamwe kinachomsumbua.

Hapa simu zetu zinaweza kutudanganya. Mtu anaweka maneno ya kukata tamaa kwenye stetasi yake. Watu 60 wanayaona. Ishirini wanatuma neno la pole au alama ya mikono iliyokunjwa kwa maombi. Kila mmoja anaona wengine wameshajibu, kwa hiyo hakuna anayekwenda kumwona. Mtu akionyesha kwamba anataka kufa, usiusambaze ujumbe wake, hata kwa nia ya kumwombea. Mpigie. Nenda alipo, au mtume aliye karibu naye. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua, kwa maana swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, na umsindikize hadi hospitali.

Ni nani ambaye hajaonekana darasani kwenu Sabato mbili zilizopita? Kabla ya jua kuchwa leo, fanya mpango wa kumfikia.

ALHAMISI: Uso kwa Uso

Soma 2 Yohana 12. 3 Yohana 13, 14. Waebrania 10:24, 25. Mtume Yohana aliona nini kuwa bora kuliko wino?

Mitume walitumia vyombo vya mawasiliano vya siku zao. Kama Paulo asingeandika nyaraka, tungekosa sehemu kubwa ya Agano Jipya. Lakini Yohana, akiwa na mengi ya kusema, aliweka kalamu chini kwa sababu alitaka kuonana na ndugu zake ana kwa ana, ili furaha ikamilike. Waraka ulikuwa daraja la kumfikisha mlangoni kwa ndugu. Simu nayo ikitumiwa hivyo hujenga. Ikichukua mahali pa mlango, hutuacha tukiwa na marafiki elfu moja na bila mtu wa kutushika mkono.

Wazazi wana sehemu ya pekee. Soma Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Mazungumzo ya imani yalipangwa yafanyike mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aamkapo. Hizo ndizo saa ambazo simu imezichukua. Mtoto anayeambiwa aache simu na baba ambaye mwenyewe hainui macho kutoka kwenye simu yake, hujifunza zaidi kwa macho ya baba kuliko kwa maneno yake.

Haya ni mambo machache ambayo familia au darasa linaweza kukubaliana kuyafanya kwa juma moja:

1. Simu zote zichajiwe sebuleni usiku, zisiingie chumba cha kulala.
2. Biblia na maombi vitangulie kila asubuhi. Ukisomea Biblia kwenye simu, zima bando kwanza.
3. Weka kikomo cha dakika kwa siku, na zima arifa zote zisizo za lazima.
4. Acha kufuata akaunti inayokuacha ukijidharau au ukiwadharau wengine.
5. Kila siku mpigie mtu mmoja, au mtembelee, badala ya kutazama stetasi yake.
6. Jua linapozama Ijumaa, ifunge mitandao hadi machweo ya Sabato. Mungu aliweka saa 24 ambazo hakuna anayehesabiwa kwa kazi yake, wala kwa wingi wa wanaompenda.

Kati ya hayo sita, ni lipi litakalokuwa gumu zaidi kwako? Ugumu huo unakuambia nini?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu Tumaini la Vizazi Vyote, soma sura inayohusu mwaliko wa Yesu kwa wanafunzi wake waende kando wapumzike kidogo (Marko 6:30–32). Walikuwa wamerudi na taarifa za mafanikio, na watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Bwana aliona uchovu wao kabla wao hawajauona. Ellen G. White, katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji kilichochapishwa mwaka 1905, alifundisha pia kwamba akili na mwili vina uhusiano wa karibu sana, hata kimoja kikiumia kingine huumia pamoja nacho. Zaidi ya miaka 100 baadaye, tunalishuhudia jambo hilo kwa kijana asiyelala kwa sababu ya simu.

Serikali nazo zimeanza kuchukua hatua. Tarehe 10 Desemba 2025 sheria ya Australia inayowazuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii ilianza kutumika. Sheria inaweza kufunga akaunti. Lakini mtoto aliyefungiwa akaunti bado anahitaji mtu wa kumwambia kwamba anapendwa, na anahitaji kumsikia akilisema hilo uso kwa uso. Kazi hiyo Mungu ameikabidhi familia na kanisa.

Maswali ya Kujadili:

1. Sauli na Yonathani wote waliona ushindi wa Daudi (1 Samweli 18:1–9). Kwa nini mmoja alishika mkuki, na mwingine alivua vazi lake akampa Daudi? Yonathani alikuwa na nini moyoni?

2. Je, serikali zetu zifuate mfano wa Australia? Kanisa lingebaki na wajibu gani hata kama zingefanya hivyo?

3. Chunguzeni kundi la WhatsApp la kanisa lenu. Linajenga nini, na linaumiza wapi? Kubalianeni juu ya jambo moja la kubadilisha kuanzia juma lijalo.

4. Mshiriki mmoja anasema, "Mkristo anayeomba hawezi kupata sonona." Kwa kutumia 1 Wafalme 19 na Zaburi 42, mngemjibuje kwa upole?

5. Kijana anasema amejaribu kuacha simu mara nyingi akashindwa, na sasa anaona aibu hata kuomba. Mwambieni nini kuhusu Kristo? (Waebrania 4:15, 16.)

Muhtasari: Macho ya watu huhesabu, hulinganisha na kusahau upesi. Macho ya Mungu huona moyo, uchovu na machozi, naye alitupenda kabla hatujafanya lolote la kusifiwa. Aliyepokea neno hilo anaweza kuiweka simu chini, akalala kwa amani, na asubuhi akaenda kumtafuta ndugu aliye chini ya mretemu.